Kiwanja cha Mtu

Hotuba kwa wahitimu wa kozi ya programu za simu, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu mshereheshaji amenipa dakika ishirini na tano tu, na mimi nimekuja na kopo.

Walimu, na wazazi mliojibanza kule nyuma chini ya feni, shikamooni. Wanangu mnaomaliza leo, hamjambo.

Hili ni kopo la Blue Band. Halijaona siagi tangu 2004. Ndani yake kuna simu kumi na moja, zimekufa zote isipokuwa mbili, pamoja na bisibisi moja. Nililianza nikiwa fundi simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye meza ya futi tatu niliyogawana na kaka mmoja muuza kava. Simu ambayo mwenyewe hakuirudia, miezi sita ikipita niliitia humu nikawa nanyofoa spea. Mkuu wa chuo ameniomba nizungumzie namna simu zilivyobadilika na namna kazi ya kuziandikia programu ilivyobadilika nazo. Nitafanya hivyo, ila nitalitazama kwa jicho la fundi. Miaka yote hii, kwenye simu za aina zote, sijawahi kujenga programu kwenye kiwanja changu. Nimejenga kwenye cha mtu. Nanyi mnakwenda kujenga kwenye cha mtu. Swali ambalo ningepaswa kuliuliza mapema ni lile analouliza mtu yeyote anayeonyeshwa kiwanja Chanika au Kigamboni: hati anayo nani?

Mwanzoni hata kiwanja chenyewe hakikuwepo. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama barabarani New York akampigia mshindani wake, Joel Engel wa Bell Labs, kumjulisha kwamba anaongea kwa simu ya mkononi. Yaani simu ya kwanza ya mkononi duniani ilipigwa kwa ajili ya kumringishia mtu. Hadi simu ya namna ile iruhusiwe kuuzwa ilipita miaka kumi. Iliitwa DynaTAC, bei dola 3,995, unachaji saa kumi ili uongee nusu saa. Ilipiga na kupokea, basi. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa nje angetaka kutia kitu chake humo.

Simu tulizozijua sisi zinaanzia Finland. Tarehe 1 Julai 1991 Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa huko, alipiga simu ya kwanza kwenye mtandao wa biashara wa GSM, yaani mfumo wa simu wa kidijitali. Na GSM ikaja na laini. Hapa naomba tukae kidogo, maana vitabu vingi hupita haraka. Laini iliipasua simu vipande viwili: kifaa ni chako, laini ni ya kampuni. Watu hudhani laini ni namba tu. Laini ni kompyuta, ndogo mno, lakini ina kichakataji chake na kumbukumbu yake, na mwenye ruhusa ya kuipakia programu ni kampuni ya simu peke yake. Sisi mafundi tulifungua kila kitu pale Aggrey: maiki, spika, mfumo wa chaji, tulichemsha mpaka bodi. Laini hatukuifungua. Hiyo ndiyo hati ya kwanza, na haikuwa mikononi mwetu.

Kitu kingine cha GSM ni meseji. Kwa nini herufi 160? Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida, maswali na habari za huku na huku, akawa anahesabu herufi. Karibu zote ziliishia chini ya 160. Nafasi yenyewe ilikuwa finyu kwa sababu meseji haikupewa barabara yake. Ilipita kwenye kile kinjia ambacho simu hukitumia kunong'ona na mnara: niko hapa, kuna simu inaingia, nimehama. Kinjia hichohicho kikabeba na kitu cha pili, kile ninyi mnachokiita USSD na mama zenu wanakiita menyu ya nyota. Meseji huhifadhiwa kituoni kwanza, ndipo isukumwe. Menyu ya nyota ni mazungumzo: mlango unafunguliwa, seva inauliza, unajibu, inauliza tena, mlango unafungwa. Herufi 182 kwa kila zamu, na kwenye simu haubaki hata unyayo. Hakuna cha kupakua, hakuna cha kusasisha, bando halihitajiki.

Sasa tazameni mwaka 2007. Machi 6, Safaricom wanazindua M-Pesa Kenya. Juni 29, iPhone inaingia madukani Marekani. Dunia nzima inakumbuka ile ya pili. Mimi nikitazama meza yangu ya wakati ule, naona ya kwanza ndiyo iliyotufikia. M-Pesa ilikuwa imejaribiwa tangu 2005 Nairobi na Thika, wazo likiwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wale wa majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, na waliokuwa na macho wakaona. Menyu yake haikukaa kwenye simu, ilikaa ndani ya laini. Ndiyo maana ilifanya kazi kwenye simu yoyote uliyokuwa nayo, hata hii hapa.

(Hii ni Nokia 1100. Ilitoka 2003, zikauzwa zaidi ya milioni 250. Kenya waliiita mulika mwizi, sisi tunasema kitochi. Ni mojawapo ya mbili zinazowaka.)

Vodacom wakaileta huku 2008, nasi tukaikuta kwenye menyu ya nyota. Nani kati yenu aliwahi kupakua nyota 150 nyota 00 reli? Hakuna. Nani hajawahi kuibonyeza? Naona pia hakuna. Programu iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote kwenye ukumbi huu haina picha wala rangi, na haijawahi kumwambia mtu kwamba nafasi imejaa.

Nayo pia ilikuwa na mwenyewe. Mtu wa nje hangeweza kuiongezea kipengele hata angekuwa hodari vipi. Kuna mkasa wa Kenya naupenda sana. Mwaka 2014 Equity Bank walitaka menyu yao wenyewe iingie kwenye simu za wateja, wakati wateja wengi wana laini za Safaricom. Wakaja na laini nyembamba kama ngozi ya kitunguu, sehemu ya kumi ya milimita, unaibandika juu ya laini yako ya zamani na kuzisukuma zote mbili ndani. Safaricom wakapinga, wakisema iliyo juu inaweza kuhatarisha usalama wa iliyo chini. Mamlaka ya Mawasiliano ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Benki kubwa na kampuni kubwa, zikigombea nani akae juu ya nani kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mkisikia neno "jukwaa" darasani, kumbukeni ugomvi ule.

Mimi niliingia kwenye programu kwa njia ya Java, lugha ya kuandikia programu. Java ya simu kampuni ya Sun waliitoa 1999, na ahadi yao ilikuwa nzuri: andika mara moja, itakwenda kila mahali. Wale mliorushiana magemu kwa Bluetooth shuleni, yale mafaili yaliyoishia na .jar, ndiyo hiyo.

Mwaka 2009 shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa kikoba Mbagala. Wanawake ishirini na wawili, hisa kila Jumamosi, mfuko wa jamii pembeni, daftari kubwa lenye mistari ya rula. Mimi kijana nikaona daftari ni mambo ya kale. Nikaandika programu. Baadhi ya simu za Nokia za bei ya chini tulizokuwa nazo hazikukubali faili linalozidi kilobaiti 64. Picha moja ya harusi mnayorushiana leo kwenye kundi la ukoo haiingii humo. Nilifuta majina marefu ya vigezo, nikafuta nembo niliyokuwa nimeichora kwa siku mbili, nikaingia.

Halafu nikakutana na ile ahadi. Kitufe cha kushoto chini ya kioo, Nokia walikituma kama hasi 6. Motorola, hasi 21. Siemens, hasi 1. Kila kiwanda na namba yake, na hakuna anayekwambia mpaka uishike simu yenyewe. Nilikuwa na bahati kwamba meza yangu ilikuwa imejaa simu za watu. Naungama leo mbele ya wazazi: nilijaribia programu yangu kwenye simu za wateja zilizokuja kubadilishwa maiki.

Nilisahau kimoja tu, kioo. Simu yangu ilikuwa na nukta 128 kwa 160. Ya shangazi, 128 kwa 128. Sehemu ya kuhifadhi niliyoichora chini ikazama nje ya kioo chake. Akajaza michango ya wanawake wote ishirini na wawili, akatafuta pa kuhifadhi hakupaona, akazima simu akalala. Asubuhi akanipigia. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, daftari halina kona iliyojificha."

Sitawachosha na Symbian, mfumo wa kuendeshea simu, ingawa nayo nilijifunza na kichwa kikaniuma. Walioianzisha 1998 ni Nokia, Ericsson, Motorola na Psion, wakati kumbukumbu ya simu ilikuwa ghali kama dhahabu, na lugha yake ilibana hivyohivyo. Hata maandishi ya kawaida yalikuwa na aina kadhaa za kubebwa, ukikosea simu inaganda mkononi. Ukimaliza kuandika, unatafuta saini ya cheti ili simu ikukubali. Ukipata saini, unatafuta pa kuuzia. Watu husema Nokia waliuawa na kioo cha kugusa. Mimi sikubali sana. Vioo vya kugusa walikuwa navyo. Nadhani waliuawa na mageti: mjenzi alipita geti la kifaa, geti la cheti, geti la kampuni ya simu, na kila geti lina mlinzi anayetaka chake.

Apple wenyewe mwanzoni hawakutaka wapangaji. iPhone ya 2007 ilikuja imefungwa, na Steve Jobs akawaambia waandishi wa programu watengeneze kurasa za wavuti zifunguke kwenye kivinjari chao kiitwacho Safari, inatosha. Haikutosha. Watu wakavunja kufuli, wakaanza kupachika programu zao kwa nguvu. Oktoba mwaka huohuo Apple wakatangaza kwamba watafungua. Machi 2008 vifaa vya kuandikia vikatoka, na Julai 10 duka likafunguliwa na programu kama 500. Wikiendi ya kwanza zilipakuliwa mara milioni 10. Walichouza kwa mjenzi kilikuwa geti moja badala ya matatu. Unalipa dola 99 kwa mwaka, unachukua vifaa vyao, unauza dukani kwao, wao wanakata asilimia 30. Ghali? Ghali. Lakini mtu aliyezoea mageti matatu aliona kama amepewa nyumba.

Na hapo hati ikahama. Iliondoka kwa kampuni ya simu, haikubaki kwa kiwanda, ikaenda kwa mwenye duka. Hata leo Apple ndiye mwenye kifaa, mfumo na duka. Ugomvi wa asilimia umefika mahakamani. Epic Games, watengenezaji wa magemu, walimshtaki Agosti 2020, na Ulaya mwaka 2024 ikamlazimisha aruhusu maduka mengine kwenye simu zinazotumika huko. Kwa wadogo kodi imeshuka hadi asilimia 15. Ila kushuka ni hiari ya mwenye nyumba au amri ya serikali kubwa kuliko zetu, msije mkasahau.

Android ilikuja kwa mlango mwingine. Ilianza 2003 kama kampuni ndogo ya akina Andy Rubin, tena wazo lao la kwanza lilikuwa mfumo wa kamera. Google wakainunua 2005, wakatangaza umoja wa watengenezaji Novemba 2007, na simu ya kwanza ikaingia sokoni mwishoni mwa 2008. Msimbo ulikuwa huria: kiwanda chochote kinauchukua bila kulipa. Hilo ndilo lililoijaza Aggrey. Kabla yake simu janja ilikuwa ya mtu wa ofisini. Mwaka 2011 Safaricom walikuwa wanauza Huawei IDEOS kwa kama shilingi elfu nane za Kenya, watu wakashika vichwa. Nao Tecno na Itel walikuja na kitu ambacho wakubwa walikidharau: laini mbili. Mtu wa hapa ana laini ya bando rahisi, ana laini ya kupokelea pesa, ana laini ya nyumbani kwa mama ambako mtandao mmoja ndio unashika. Alikuwa anatembea na simu mbili, au anachomoa laini na kuiweka ulimini. Aliyempa tundu la pili alimwelewa. Hata kazi yetu ya ufundi ikabadilika. Tulikuwa mafundi wa maiki na chaji, tukawa mafundi wa kioo. Kioo kinavunjika kila siku, Mungu atupe nini tena.

Kujisajili duka la Google ni dola 25, mara moja. Nilizipata 2013, kwa kadi ya benki ya shemeji yangu. Nikaandika programu ya kikoba upya, safari hii na rangi. Ikapata watu mia nne na kitu, vikundi vya Mbagala, Temeke, hadi Morogoro, wengine siwajui waliipataje. Halafu nikapanda daladala Rangi Tatu na begi mgongoni.

Wenye kompyuta mnajua ninakoelekea. Kompyuta ya kubebea niliyoibiwa siku ile niliililia wiki moja, lakini niliililia vibaya, kwa sababu ya bei yake. Kilichokuwa na thamani ni faili moja dogo ndani yake, ufunguo wa kusainia programu. Android haikubali toleo jipya ambalo halijasainiwa kwa ufunguo wa toleo la zamani, na ni sahihi isikubali, la sivyo mwizi angewatumia watu wangu programu yake kwa jina langu. Nakala ya ufunguo sikuwa nayo. Msimbo nilikuwa nao kwenye flashi, akaunti nilikuwa nayo, dola 25 zilikuwa zimelipwa, na mlangoni kwangu mwenyewe sikuweza kuingia. Nilitoa programu mpya kwa jina jipya na kuwaomba watu mia nne wahamie. Walihama kama theluthi.

Siku hizi programu mpya mnazopeleka kwenye duka lile, ufunguo wa mwisho anakaa nao Google mwenyewe. Ninyi mnabaki na ufunguo wa kupandishia tu, ukiupoteza unaomba mwingine. Nashukuru, maana yaliyonipata hayatawapata. Lakini oneni: kitu pekee kilichokuwa mfukoni mwa mpangaji nacho kimepelekwa kwa mwenye nyumba, kwa heri kabisa, na sisi tumesema asante.

Sisemi wenye nyumba ni wabaya. Oktoba 2018 Google walitangaza kwamba programu ambayo si ya simu wala ya meseji isisome meseji za mtu bila kibali maalumu. Programu zilizosoma meseji za M-Pesa ili kujiandikia hesabu zikajikuta nje, nyingine zilikuwa nzuri sana. Ila upande wa pili walikuwepo wakopeshaji waliosoma meseji zako wapime mfuko wako, wakabeba na majina yote ya kwenye simu, ukichelewa kulipa siku moja wanampigia mkwe wako. Hao wa kubeba majina walifungiwa 2023. Mimi nilifurahi. Unaweza kuonewa na sheria ya haki, na ukakubali kwamba ni ya haki.

Kama mnadhani haya ni ya wadogo tu, mtazameni Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya wasiouziwa teknolojia yake bila kibali. Msimbo huria wa Android ukabaki mkononi mwao, hakuna aliyewanyang'anya. Walichokosa kwenye simu zao mpya ni duka, ramani, na zile huduma za Google ambazo programu nyingi duniani zimezitegemea bila kujua. Kampuni iliyokuwa inawania kuwa ya kwanza duniani kwa mauzo ya simu ikajikuta ina nyumba isiyo na barabara. Ilibidi wajenge mfumo wao, HarmonyOS. Wao waliweza, wana wahandisi maelfu. Mimi na wewe tungefunga duka.

Tena msidhani mnyonge aliyejificha kwenye simu ya vitufe amesalimika. Mwaka 2019 Vodacom walileta hapa simu iliyoitwa Smart Kitochi, ndani ina mfumo wa KaiOS, vitufe vilevile lakini intaneti na WhatsApp zimo. Bibi yangu upande wa mama aliipenda, kwa sababu ilikuwa na WhatsApp na hakulazimika kupangusa kioo. Miaka michache baadaye WhatsApp wakaiondoa kwenye duka la KaiOS. Walikwishafanya hivyo kwa Nokia S40 mwisho wa 2018, na kwa Windows Phone mwisho wa 2019. Simu bado nzima, betri inakaa siku tatu, ila kijiji chote kimehama na barabara.

Sasa, zana, yaani lugha na vifaa vya kuandikia programu. Hapa mnajua kuliko mimi, nitapita. Kotlin iliidhinishwa na Google 2017, Swift ya Apple ni ya 2014, React Native ya 2015, Flutter toleo la kwanza Desemba 2018. Hizi mbili za mwisho zimerudi na ileile ahadi ya Sun, andika mara moja. Zinaitimiza vizuri zaidi, nakiri, Flutter naitumia kila siku. Ila PhoneGap nayo niliipenda hivyohivyo, Adobe wakaizima 2020. Xamarin ikafuata 2024. Kwa hiyo mahesabu ya kikoba, yaani hisa inahesabiwaje, riba inagawanywaje siku ya kuvunja kikoba, sikuyaandika ndani ya Flutter. Yako pembeni, kwenye seva, kwa lugha ya kawaida, na hayajui kama kuna kitu kinaitwa simu. Nimeshahama nayo mara mbili tangu hapo bila kuyagusa.

Na simu ya kujaribia isiwe yako. Iwe ya mama yako. Ile yenye gigabaiti 16, kumi na tano zimejaa mawaidha, kwaya na video za watoto wa watu, kioo kina ufa, na chaji imeshika asilimia 11. Programu ikifunguka humo, imefunguka.

Kitu kimoja kinanichekesha. Safaricom mwaka 2017 walifungua mlango kwa waandishi wa programu wa nje, wakauita Daraja, jina zuri kuliko yote niliyowahi kuona kwenye kazi hii. Sasa mtu ananunua kitu kwenye simu ya milioni mbili yenye kamera tatu. Anabonyeza kulipa, na katikati ya ule uzuri wote linachomoza kisanduku cha kijivu, sura mbaya, kinaomba namba ya siri. Wakenya wanakiita STK. Zile herufi tatu ni za menyu ya laini, ileile teknolojia ya miaka ya tisini. Ukikwangua simu yote ile mpaka chini, unaikuta laini imekaa, inasubiri kuulizwa.

Kikoba kipo bado. Leo kina milango mitatu: programu ya Android kwa vijana, menyu ya nyota kwa wengi, na meseji ya muhtasari kila Jumamosi jioni kwa wote. Menyu ya nyota ndiyo inayonigharimu zaidi, nalipia kila mlango unapofunguliwa, na namba yenyewe nimeikodi kwa mtu ambaye naye ameikodi kwa kampuni. Nimehesabu: kati yangu na yule mwanamke wa Mbagala anayetazama hisa zake wapo wenye nyumba wanne. Kila kikundi kinaweza kutoa taarifa zake zote kwenye karatasi siku yoyote, bila kuniomba. Hilo nililiweka mwenyewe baada ya daladala ya Rangi Tatu.

Shangazi sasa ni mwenyekiti. Anatumia menyu ya nyota vizuri kuliko mimi, anabonyeza bila kusoma. Na daftari analo, mistari ya rula vilevile, anajaza yote mawili kila Jumamosi. Nilibishana naye hadi 2016. Mwaka jana seva ililala saa nne nzima siku ya kuvunja kikoba, wanawake wamekaa kwenye mkeka wanangoja pesa za Krismasi. Alilifungua daftari, akavaa miwani, wakagawana. Seva ilipoamka niliingiza namba kutoka kwenye daftari lake.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Kopo naliacha hapa mezani, maswali mtaniuliza tukiwa tumesimama. Simu zifungueni, ndizo nilizowaletea. Ile 1100 ina skrubu za nyota, bisibisi yake namba T6 imo ndani ya kopo. Msiilazimishe kwa kisu.